Sinema ya Ukutani na Haluwa ya Wenye Nyumba

Enzi zetu mtu akitaka kuogopa alitoka nyumbani kwake, akajitanda shuka, akatembea kwa miguu kuufuata woga wake ulipo. Siku hizi woga unaletewa kitandani. Kijana amejilaza kwenye godoro, hedifoni masikioni, filamu ya kutisha iko kwenye simu, na maiti akianza kufungua macho anamsimamisha kwa kidole ili aende akanywe maji. Maiti anamsubiri. Maiti wetu sisi hakuwa na subira hiyo.

Mimi ninayewaandikia ni Hemedi wa maturubai. Mtu wa Tanga asiyenijua kwa sura ananijua kwa makalio, maana hakuna harusi wala matanga, kuanzia Pongwe mpaka baharini, ambako hajakalia kiti changu. Shule niliishia darasa la saba, na hilo la saba nilisukumwa kama gari bovu. Nilianza kwa kubeba viti vya watu kichwani. Leo vya kwangu vinabebwa na lori, na lori ni langu, na jenereta zinazowaka kwenye shughuli za wakubwa wa mji huu ni zangu pia. Sikuona haya kusema hayo kwenye vikao vya wasomi, sitaona haya hapa. Lakini kuna jambo moja nililolifanya nikiwa mtoto ambalo sikuwahi kujisifu nalo, na mimi najisifu hata kwa kuamka mapema. Tangu nianze kuandika nimeinuka kwenye kiti mara tatu, mara maji, mara mlango, mara sijui nini. Basi niseme haraka kabla sijainuka tena.

Tulikuwa tunakaa kambi ya mkonge, mbele ya Pongwe, ukiiacha barabara kuu na kuingia ndani mwendo wa saa nzima kwa miguu ya mtoto. Baba alikuwa mtu wa korona, pale kwenye mashine ya kukamua majani ya mkonge, na jioni alirudi ananuka ule uchachu ambao hata sabuni, siku ilipopatikana, haikuutoa. Akikushika shavu kwa mapenzi unajikuna mpaka isha. Sisi watoto tulitengeneza magari kwa milingoti ya mkonge, magurudumu tukakata ndala zilizokufa, na mpira tulisokota nyuzi za katani zilizookotwa uwanjani. Ukiupiga kwa kichwa unashinda unachomoa nyuzi kwenye nywele. Shuleni tulikwenda na kidumu cha maji, jembe na mfagio. Daftari lilikuwa la ziada. Tukirudi tunakuta bada, ule ugali mweusi wa mhogo unaonata mpaka kwenye mawazo, na kisamvu cha nazi kama mnazi umekubali. Mama alikuwa akisema mtoto anayelala na njaa ni yule asiyeijua nyumba ya shangazi yake. Mimi niliwajua mashangazi wote wa kambi, wa damu na wasio wa damu.

Nyuma ya korona, juu ya kilima kidogo, ilikuwepo nyumba ya Mjerumani. Ilisemwa kuwa bwana mkubwa wa kwanza wa shamba alifia humo ndani, ila mwenyewe hakuarifiwa. Adhuhuri watu wakijinyoosha, buti zilisikika zikitembea barazani. Paa lilikwishaondoka, mbao zimeliwa na mchwa, lakini buti zipo. Wengine walisema si Mjerumani, ni majini waliohamia baada yake, maana jini haachi nyumba nzuri ikae bure. Tulichokubaliana sote ni kwamba wasitajwe. Tuliwaita wenye nyumba, kama vile unavyomtaja jirani mkorofi anayeweza kukusikia.

Sasa mtaniuliza, kwa nini sinema iende kuonyeshwa huko? Kwa sababu ya ukuta. Upande wa magharibi nyumba ile ilikuwa na ukuta mrefu uliopigwa lipu laini ya kizamani, mweupe kuliko shuka lolote kambini, na mbele yake uwanja wa saruji usioota hata jani. Bwana Karimu, mwenye duka la vitambaa Ngamiani, Tanga mjini, alikuja mara ya kwanza na shuka lake la sinema, upepo ukalichana vipande viwili. Akatazama huku na huku, akauona ukuta. Ukoo wake asili yake India, lakini babu yake alizaliwa Tanga na Kiswahili chake kilikuwa cha mjini kuliko chetu. Alikuwa na gari la mizigo na mashine ya sinema, na mapenzi yake makubwa yalikuwa filamu za kutisha, zile za nyeusi na nyeupe, za majumba makubwa na mishumaa inayozimika yenyewe. Kila mwezi mwandamo alitia mashine garini, akaja. Aliswali magharibi pamoja na kina baba, kisha akaiwasha.

Tena alitutafsiria mwenyewe, kwa sauti, kwa sababu filamu zilikuwa za Kihindi au za Kizungu. Kama alitafsiri sawa au alitunga, Mungu anajua. Maiti wa Bwana Karimu walikuwa wanajua mambo ya kambini. Anatoka maiti jenezani, ananyoosha mkono, na Bwana Karimu anasema: huyu anauliza ni nani aliyemwagia jirani maji machafu mlangoni. Watu wanacheka huku wanashikana. Sikuona raha kama ile tena, kucheka na meno yanagongana.

Lakini hakuna aliyekanyaga uwanja ule bila hodi kupigwa. Mama yangu alikuwa mtu wa swala tano na hakuona kasoro. Alisema majini wameumbwa kama sisi, na mtu hawekewi karamu uani kwake bila kuambiwa. Najua wapo watakaosema haya si ya dini, na mimi siwabishii, mimi ni mtu wa viti. Mwenye kazi ya kupiga hodi alikuwa Bi Zaina. Alikuwa mwanamke mrefu, mkimya, mjane, mwenye mkono wa haluwa uliojulikana mpaka Muheza. Siku ya sinema alishinda jikoni anasonga haluwa, na jua likikaribia kuzama alipanda kilimani peke yake na chetezo cha ubani, marashi ya waridi, na haluwa juu ya jani la mgomba. Aliingia mle ndani, akasema aliyosema, akaliweka jani kwenye kizingiti cha chumba cha kati, akashuka bila kugeuka nyuma. Na kulikuwa na sharti moja: anayepika chakula cha wenye nyumba hakionji. Hata kulamba kidole. Ukionja umewatangulia wenyewe, wanakikataa. Kwa hiyo Bi Zaina alipika kwa pua na kwa macho tu.

Mwaka ninaousema ni katika ile miaka ya foleni. Nyie wa rika langu mnaijua. Sukari ilikuwa inatolewa kwa kibali, kilo inagawanywa kama mirathi. Haluwa bila sukari haipo, kwa hiyo kila nyumba kambini ilitoa kikombe. Mama alitoa kile alichomfichia mdogo wangu wa mwisho kwa uji wake, na nilimwona akikitazama mpaka alipotoka nacho mlangoni. Alikipeleka mwenyewe kwa Bi Zaina. Sinema ilikuwa ndiyo sikukuu yetu pekee, na watu walikubali kunywa chai ya chumvi ili waipate.

Basi mchana ule tulikuwa tumekaa nyuma ya korona, mimi na wenzangu, na mimi domo sikulianza jana. Nikasema mimi wenye nyumba siwaogopi. Wakasema, mwongo huyo. Nikasema naingia mpaka chumba cha kati. Wakasema, basi leo Bi Zaina akishuka, ingia utuletee jani lile la mgomba, tulione kwa macho. Nilishasema, ningerudi vipi?

Niliingia kigizagiza, watu wakiwa wanatandika mikeka upande wa pili wa ukuta. Nilikuwa nikizisikia sauti zao, nikamsikia mama akimwita mdogo wangu. Ubani ulikuwa bado unafuka. Nilikwenda kwa nia ya jani, wallahi, sikwenda kwa nia ya kula. Lakini harufu ya iliki na samli ilinijia mle gizani, na mimi tangu asubuhi nilikuwa na kipande cha mhogo tumboni. Nikajiambia nitachovya kidole tu. Kisha kidole cha pili. Niliila yote, nimechuchumaa kwenye kizingiti cha majini, nikalamba na jani. Hapo ndipo nikasikia kitu kikitembea ndani, mjusi au panya, sikungoja kukijua. Jani nililiacha, nikatoka mbio, nikajipenyeza kwenye mkeka karibu na mama. Wenzangu waliponikonyeza nikatikisa kichwa, kama kwamba sikuthubutu kuingia. Ndiyo siku pekee maishani nimekubali kuitwa mwoga.

Filamu ya usiku ule ilikuwa ya bibi harusi aliyezikwa na vipuli vyake, akarudi kutafuta kimoja kilichoibwa. Alikuja polepole kwenye ukuta ule mweupe, shela mpaka miguuni, akasimama akatutazama. Bwana Karimu akatafsiri kwa ile sauti yake ya chini: anasema, aliyechukua kilicho changu yumo humu humu.

Sijui nilikuwa nimeshika nini. Mama alisema baadaye nilikuwa nimemshika yeye mpaka kucha zikaingia. Na pale pale picha ikaganda. Uso wa bibi harusi ukatulia ukutani, kisha katikati ya paji lake pakatokea doa la kahawia. Likachemka, likafunguka, likala macho, likala mdomo, likaumaliza ukuta mzima, ukabaki mwanga mtupu na harufu ya kuungua. Leo najua: ukanda umekwama mbele ya taa, umeyeyuka kwa joto. Bwana Karimu mwenyewe alikuwa akipiga kelele kuwa ni mashine, jamani, ni mashine tu. Lakini aliyekuwa na masikio nani? Nimeona watu wakikimbia mafuriko, nimeona wakikimbia mgambo, sijaona mbio kama zile. Asubuhi uwanjani zilikutwa ndala za mguu mmoja mmoja, kanga tatu, na meno ya bandia ambayo hakuna mzee aliyekubali kuwa ni yake.

Wazee walikaa kikao. Walipanda kilimani kwanza, wakalikuta jani tupu, limelambwa likang'aa, na hilo ndilo lililowatisha zaidi. Walisema wenye nyumba wamekula na hawakuridhika. Bwana Karimu aliambiwa kwa heshima kuwa mahali pamekataa. Akasema hapeleki mashine yake pasipotakiwa, akafunga safari, hatukumwona tena. Kisha wakamwita Bi Zaina wakamwuliza, haluwa ilikuwa sawa? Naye, kwa kuwa hakuionja, hakuweza kuapa. Alisema kosa litakuwa lake, labda sukari ilipungua.

Angesema neno lolote ila hilo. Jioni ile ile mama mmoja wa safu ya chini ya nyumba za kambi akauliza kisimani, ilipunguaje, na sisi vikombe tulijaza? Halikuhitaji mtu wa pili. Kufikia Ijumaa kambi nzima ilijua kuwa Bi Zaina amekula sukari ya watu akawapunja majini, na majini wametuchomea sinema. Sisi watoto tukamtungia wimbo: Bi Sukari, Bi Sukari, wenye nyumba wanakuita. Tukamwimbia akipita na ndoo. Mimi nikiwemo. Mimi, mwenye haluwa yake tumboni.

Kabla ya mwezi mwingine kuandama alihama kambini, akaenda kukaa kwa ndugu zake Ngamiani. Haluwa hakupika tena. Alikuwa akisuka ukili, na watu wa Ngamiani waliomjua uzeeni hawakujua kuwa mkono ule uliwahi kushika mwiko.

Miaka ikapita, mimi nikahangaika, nikatoka. Ningeweza kuwasimulia nilivyotoka mpaka mlale, lakini si leo.

Mwaka huu binti yangu Rukia, aliyesoma mpaka mimi nikachoka kulipa, akaja dukani. Yeye na wenzake wa Usagara wana jambo lao: wanaonyesha filamu za kale za kutisha, nje, mahali penye sifa ya kutisha. Walishaonyesha kwenye ghala bovu karibu na reli, sasa wanatafuta pa moto zaidi. Akataka jenereta moja na viti.

"Mnapeleka wapi?" nikamwuliza.

"Kuna gofu la Mjerumani kule mbele ya Pongwe, Baba. Lina ukuta mzuri ajabu. Na wanasema lina majini."

"Mmepiga hodi?"

"Kwa nani? Serikali ya mtaa tumeshawaandikia barua."

Nilicheka, kisha nikaacha. Jenereta nilimpa, ningemnyimaje. Lakini tangu siku hiyo nikawa mtu wa kukaa na kuinuka. Chakula nakiacha. Usiku nashuka stoo nahesabu viti, namaliza, naanza upya. Mke wangu akadhani nimeoa mahali. Wiki nzima hivyo, mpaka asubuhi moja nikawasha gari, nikaenda Ngamiani kuulizia nyumba ya Bi Zaina. Nilikuwa najiambia huenda amekufa. Nilikuwa natumaini, niseme kweli.

Nilimkuta uani, juu ya mkeka, anachambua mchele. Amesinyaa, lakini mgongo umenyooka vile vile. Nikamwamkia shikamoo, nikajitaja kwa jina la mama yangu. Akasema marahaba, akanipisha mkekani. Nikaanza na la Rukia, kuwa vijana wanataka kuonyesha sinema kwenye ule ukuta, na hawajui njia za pale, naomba aje awapigie hodi.

"Mkono wangu ulikataliwa kule, mwanangu," akasema. "Tafuta mwingine."

Aliendelea kutoa vijiwe kwenye mchele. Kijiwe, anakitupa; kijiwe, anakitupa. Na mimi ninayenunua maneno kwa jumla na kuuza kwa rejareja, nikakosa la kuanzia. Mwisho nikasema tu kwamba haukukataliwa. Nikamwambia niliingia, nikala.

Hakuinua uso. "Yote?"

"Yote, Bi Zaina. Na jani nililamba."

Ungo ukasimama. Kuku wa jirani alikuja akadonoa mchele pembeni, hakumfukuza.

"Ilikuwa tamu?"

Wasomaji wangu, mimi nimeulizwa maswali na polisi, na watu wa kodi, na mama mkwe. Sijaulizwa swali zito kama lile. Nikamwambia nimekula haluwa ya Unguja, nimekula ya Maskati kwenyewe, na sijaila kama ile tena, na katika maisha yangu yote ya kujisifu hilo lilikuwa la kwanza ambalo sikuongeza kitu.

"Sukari ilitosha?"

"Ilitosha."

Alivuta pumzi ndefu. "Nilitia vikombe vyote," akasema, na sauti yake ikawa ya mtu anayemwambia mwingine asiyekuwepo pale. "Vyote, wallahi. Nikafuta na vumbi lake kwa unyoya."

Nikadhani limekwisha. Nikataka kuinuka nimshike miguu. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Na wimbo nao ulikuwa ukiuimba. Nilikuwa nakusikia. Sauti yako ilikuwa kubwa kuliko za wenzio wote."

Akapepeta mchele wake mara mbili tatu, kisha akaniagiza sukari, wanga, samli, iliki, zafarani na marashi, na sufuria ya shaba, si ya bati. Nikasema nitamtafutia kijana wa kusonga. Akasema hapana, nisonge mimi mwenyewe.

Mliowahi kusonga haluwa mnajua. Ni kazi ya saa nyingi, mwiko mzito, moto usoni, na ukiuacha mkono kidogo imeshika chini. Mimi nina kitambi na shati langu la ofisi. Niliivaa kanga ya mjukuu wake kiunoni, nikasonga, na Bi Zaina amekaa kigodani ananusa. "Geuza." "Usikune chini." "Ongeza moto." "Polepole, unapigana na nani?" Jasho lilinitiririka mpaka machoni. Ilipoanza kuachana na sufuria, ile samli ikajitokeza pembeni, mate yalinijaa mdomoni kama ya mtoto yule yule. Bi Zaina akasema, bila kunitazama: "Ukilamba kidole nitajua." Sikulamba. Nilinawa mikono kwenye ndoo mara mbili, nisije nikajisahau nikajifuta mdomo.

Siku ya sinema nilikwenda naye kwenye gari, chetezo miguuni kwake. Mkonge umebaki vichaka tu siku hizi, korona imebaki nguzo, lakini ukuta upo, na vijana walikuwa wameupiga chokaa. Alipanda kilimani taratibu, peke yake, hakutaka nimshike mkono. Alipoingia mle ndani, vijana wakatoa simu kumpiga picha. Nikawafokea wazishushe, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya Rukia nilimwona akinitii mbele za watu. Alishuka bila kugeuka nyuma.

Kwa kuwa jenereta ni yangu, walinipa kipaza sauti niwakaribishe wageni. Walikuwepo na watu wazima wa kambi ya zamani, niliowatumia gari makusudi. Nilikuwa nimejipangia maneno mazuri. Badala yake nikasema mimi ndiye niliyekula haluwa mwaka ule, na Bi Zaina hakupunguza sukari ya mtu hata chembe, na aliyekuwa akimwimba kwa sauti ya juu kuliko wote alikuwa mwizi mwenyewe. Vijana wakacheka, wakapiga makofi, wakadhani ni sehemu ya burudani. Rukia hakucheka. Na upande wa wazee hapakuwa na kicheko. Yule mama wa safu ya chini, aliyeanza neno kisimani, naye sasa anatembelea mkongojo, aliinuka kwenye kiti chake, akajikokota mpaka alipokaa Bi Zaina, akakaa kando yake. Akamfunika magoti kwa upande wa kanga yake, maana ubaridi ulikuwa umeanza.

Filamu ikaanza. Ilikuwa nzuri, naambiwa. Mimi sikuiona. Wale watoto walikuwa wanakula bisi, nusu wanatazama ukuta, nusu wanatazama ukuta huo huo kupitia simu zao. Maiti akitokea wanacheka kabla hajafika. Kila mmoja kwenye kiti chake, kiti changu, cha plastiki, chenye mikono miwili ya kumtenga na mwenziwe. Sisi tulikuwa wanane kwenye mkeka mmoja, goti la huyu kwenye ubavu wa yule, na woga ukimwingia mmoja ulipita kwa wote kama baridi. Nani kati ya hawa atamkumbuka aliyekaa naye? Wameambiwa mahali hapa pana majini na wamefurahi, kama mtu aliyeambiwa hotelini kuna maji ya moto.

Niliinuka, nikaenda kukagua jenereta. Nikarudi. Nikainuka tena. Kila mara macho yalikwenda kwenye ule mlango mweusi pembeni mwa ukuta. Nilikuwa sijui kama sukari imetosha. Nilikuwa sijui kama niliiachia ikashika chini pale mwiko uliponielemea, kama iliki ilizidi, kama nilichokisonga kwa mikono yangu miwili ni kitamu au si kitamu, na hakuna ambaye ningemwuliza. Usiku mmoja tu, nikaona haupiti. Bi Zaina alikaa na swali hilo miaka arobaini.

Nikamgeukia nimwulize, yeye alivyonusa, alionaje. Ukutani watu walikuwa wanapiga mayowe, mishumaa inazimika, mlango wa jumba unafunguka wenyewe. Bi Zaina alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea bega la yule mama, mdomo wazi kidogo, anakoroma polepole kama mtu aliyemaliza kazi yake ya siku.